Mashini haiwaki tena baada ya kubadilisha init: angalia kwanza imesimamia wapi

Kuna kitu naona sana hapa Goma siku hizi na kinaniuma. Kijana ananunua laptop ya okazyo (iliyokwisha kutumika) pale Birere, RAM 2 GB, anaweka Debian (aina ya Linux), anasikia kwa watu eti systemd (init ya kawaida ya Debian, yaani programu inayoamsha zingine zote mashini ikiwaka) ni nzito, anaitoa anaweka sysvinit (init nyingine), anazima, anawasha, ekra nyeusi. Anaipeleka kwa jirani anayejua kidogo, jirani anasema formati tu. Wanaformati. TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya mwaka mzima imekwenda, picha za watoto zimekwenda, na kumbe shida ilikuwa kiungo kimoja tu ndani ya /sbin.

Ndugu zangu, kubadilisha init hakugusi faili zako. Ziko pale pale kwenye disiki. Mashini ikikataa kuwaka baada ya hiyo kazi, karibu kila mara inatengenezeka bila kufuta kitu, mradi ujue imesimamia wapi.

Kuwasha Linux ni kama magunia yanayoshushwa toka kwenye boti pale Kituku, huyu anamkabidhi yule, yule anamkabidhi mwingine. GRUB (programu yenye menyu ya kuwashia) inabeba kerneli (kiini cha Linux), kerneli inafungua initramfs (kimfumo kidogo cha muda ndani ya RAM), initramfs inatafuta disiki yako ya kweli, halafu inaita /sbin/init, ndiyo programu ya kwanza yenye namba 1, na init inaamsha huduma zote, mwisho unaona logini na desktopu. Gunia likianguka unauliza lilikuwa mkononi mwa nani. Basi soma mistari ya mwisho kwenye ekra, piga picha na simu, usizime haraka. Kama ekra haionyeshi maandishi yoyote, kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa neno quiet (na splash kama lipo), halafu F10. Sasa itaongea.

Kabla ya yote: klavie (kibodi) yako inakudanganya

Hii naiweka mbele kwa sababu imepotezea watu wengi saa nzima. Sisi laptop zetu nyingi ni AZERTY (mpangilio wa Kifaransa), lakini GRUB inasoma klavie kama ni ya Kimarekani, na ukiingia kwenye shelu ya uokoaji (pale unapoandika komandi) mara nyingi ni vilevile. Mtu anaandika komandi sahihi kabisa kwa macho ya vidole vyake, mashini inasoma takataka, halafu anasema dawa haifanyi kazi.

Shika hivi. Unataka a, bonyeza q. Unataka w, bonyeza z. Unataka m, bonyeza ile ya koma. Mkwaju / uko kwenye kitufe cha alama ya mshangao, nukta iko kwenye nukta mbili, koma iko kwenye nukta mkato, na kistari - kiko kwenye mabano ya kufunga. Alama ya = haijahama. Namba ni bila kushika Shift. Kwa hiyo kupata

init=/bin/bash

unabonyeza vitufe vilivyoandikwa

init=!bin!bqsh

na kupata init=/lib/systemd/systemd unabonyeza init=!lib!syste,d!syste,d. Inaonekana kama uchawi ila ukitazama kwenye ekra utaona inatoka sawa. Ukishaingia kwenye shelu yenyewe jaribu komandi setupcon, mara nyingi inarudisha klavie yako, na bahati nzuri jina lake linaandikwa sawa kwenye klavie zote mbili.

Dalili: "No init found" halafu (initramfs), ama "Kernel panic - not syncing: No working init found"

Huu ndio ugonjwa mkubwa, tukae hapa kidogo.

Kerneli na initramfs zimefanya kazi yao, zimefika mlangoni, zimebisha hodi kwa /sbin/init na hakuna mtu. Kwenye Debian hiyo /sbin/init haina mwenye mmoja. Ukiwa na systemd inaletwa na paketi inaitwa systemd-sysv, na ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye /lib/systemd/systemd. Ukiweka sysvinit inaletwa na sysvinit-core. Zile paketi mbili hazikai nyumba moja, moja ikiingia nyingine inatolewa. Sasa fikiria kuran (umeme) inakatika katikati, ya kwanza imeshatolewa, ya pili bado haijafunguliwa, na betri ya laptop ya okazyo inashika dakika tatu. Hapo ndipo unabaki bila init kabisa. Sikusema kubadilisha ni kubaya, nasema usibadilishe siku kuran inacheza.

Kama uko kwenye (initramfs) andika

ls /root

Hapo /root siyo nyumba ya mtumiaji root, ni mahali initramfs inapofungulia disiki yako. Ikiwa tupu, shida siyo init hata kidogo, disiki yenyewe haijapatikana, na juu kidogo utakuta maneno "ALERT! UUID=... does not exist". Angalia blkid, linganisha na cat /proc/cmdline, uone kama UUID (namba ya utambulisho ya disiki) ni ileile. Ukikuta bin, etc, home, var, basi disiki iko hai, na faili zako ziko hai, pumua. Endelea na

ls -l /root/sbin/init

Mara nyingi utaona hakuna kitu, ama mshale unaelekea kwa faili ambayo haipo tena.

Dawa ya kwanza, ya haraka, watu hawaijui: kutoa systemd-sysv siyo kutoa systemd. Mara nyingi paketi yenyewe ya systemd bado iko kwenye disiki, kilichoondoka ni kile kiungo tu. Zima, rudi GRUB, e, na mwisho wa mstari wa linux ongeza init=/lib/systemd/systemd, F10. Kama programu iko, mashini yote inawaka kama zamani, na wifi na desktopu, unaweza kumaliza kazi ukiwa umekaa vizuri:

dpkg --configure -a
apt-get -f install
apt-get install sysvinit-core

Ikikataa, ongeza init=/bin/bash. Utapata shelu tupu, disiki iko kwa kusomwa tu, kwa hiyo kwanza kabisa

mount -o remount,rw /

ndipo utengeneze. Usiandike exit kwenye shelu hii, maana hapo bash ndiyo namba 1 na ikifa kerneli inaanguka nayo. Ukimaliza andika sync, halafu reboot -f.

Ikikataa nayo, chukua flashi yenye Debian ya kuwasha moja kwa moja, waka nayo, fungua disiki (kwangu ni sda2, wewe angalia yako kwa lsblk):

mount /dev/sda2 /mnt
mount --bind /dev /mnt/dev
mount --bind /proc /mnt/proc
mount --bind /sys /mnt/sys
chroot /mnt /bin/bash

Sasa uko ndani ya mashini yako ingawa haijawaka. Weka init unayotaka, sysvinit-core ama systemd-sysv, malizia na update-initramfs -u -k all na update-grub.

Hapo mtu anauliza, paketi nazitoa wapi, sina mega (za intaneti). Angalia /var/cache/apt/archives, kama ulitumia apt-get huenda faili za .deb bado ziko mle, unaweka kwa dpkg -i bila intaneti. Ila kama ulitumia apt tupu, tangu toleo 1.2 apt inafuta zile faili baada ya kuziweka. Ndiyo maana mimi kabla ya kubadilisha chochote napakua pande zote mbili kwanza, ya kwenda na ya kurudi:

apt-get -d install sysvinit-core
apt-get -d --reinstall install systemd-sysv

-d inapakua bila kuweka. Halafu nazikopi kwenye flashi. Ni mega chache na zinakuokoa usiku wa manane. Na kabla ya kuzima mara ya kwanza andika readlink -f /sbin/init, kama jibu ni njia ya faili iliyopo kweli, zima kwa amani, kama siyo, usizime.

Chanzo kingine cha dalili hii, kidogo lakini kinachosumbua kichwa: mtu zamani aliandika init=... ndani ya /etc/default/grub akasahau. Sasa sysvinit imewekwa vizuri kabisa lakini GRUB bado inatuma kerneli kwa anwani ya zamani. Futa, update-grub, kwisha.

Dalili: umeweka init mpya lakini komandi ya reboot inakataa

Hii inatisha ila siyo kitu. Komandi ya reboot iliyoko kwenye disiki sasa ni ya init mpya, na init inayotembea kwenye RAM bado ni ya zamani, haziongei lugha moja. Ukitoka systemd unaweza kuona inalalamika kuhusu /run/initctl. Ukienda kwenye systemd, systemctl inakuambia "System has not been booted with systemd as init system (PID 1). Can't operate." Andika sync, subiri kidogo, sync tena, halafu reboot -f. Tafadhali usichomoe tu waya, hasa kama ndiyo kwanza umeandika faili nyingi.

Dalili: "INIT: No inittab file found", inakuuliza "Enter runlevel:"

sysvinit inasoma /etc/inittab na faili haipo. Jibu S upate shelu, halafu

mount -o remount,rw /
cp /usr/share/sysvinit/inittab /etc/inittab

Ukiona badala yake "respawning too fast: disabled for 5 minutes", faili iko lakini mstari mmoja unaita programu ambayo haipo, mara nyingi ni getty (programu inayoleta logini) iliyokosewa njia. Namba iliyo kwenye ujumbe baada ya neno Id ndiyo mstari wa kutafuta.

Dalili: inawaka mpaka logini ya maandishi, lakini hakuna intaneti

Inakuja sana, na hapa ndipo watu wanasema sysvinit ni mbovu. Siyo mbovu. systemd inaamsha huduma kwa faili zake za .service, sysvinit inaamsha kwa skripti zilizoko /etc/init.d, na miaka hii paketi kadhaa za Debian zimeacha kuleta hizo skripti maana systemd ndiyo chaguo la kawaida tangu Debian 8 ya mwaka 2015. Kwa hiyo huduma iko kwenye disiki, nzima, lakini hakuna mtu wa kuiamsha. Andika ls /etc/init.d na utafute ile unayoikosa. Skripti zilizoachwa na wenyewe zimekusanywa kwenye paketi inaitwa orphan-sysvinit-scripts, iongeze kwenye ile orodha ya kupakua mapema.

Lakini sasa hivi huna intaneti ya kuipakua. Chomeka simu kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, halafu ip link. Utaona jina jipya, laweza kuwa usb0 ama refu linaloanza na enx. Kisha dhclient na hilo jina, kama komandi hiyo ipo kwenye mashini yako. Karibu kila mara inakubali.

Ikiwa ip link inaonyesha lo peke yake na hata simu haionekani, angalia udev: service udev status. udev ndiyo inayotambua vifaa na kupakia driva zake. Kwenye Debian inatoka nyumba moja na systemd lakini inatembea bila systemd kuwa namba 1, mradi skripti yake iamshwe. Kama imelala:

update-rc.d udev defaults
service udev start

Na panya ama klavie vikikufa ukifika kwenye desktopu wakati kwenye maandishi vilikuwa vizima, mshukiwa ni huyuhuyu.

Dalili: desktopu inakuja nusu

Ekra nyeusi na mshale wa panya tu, ama XFCE (desktopu nyepesi) inakuja lakini kitufe cha kuzima kimepotea, ama ukichomeka flashi inakuambia huna ruhusa. Hapa kilichopotea ni logind, sehemu ya systemd iliyokuwa inasema nani amekaa mbele ya ekra na ana haki gani. Mbadala wake unaitwa elogind:

apt-get install elogind libpam-elogind

Usiisahau ile ya pili, bila hiyo elogind inatembea lakini hakuna anayeiambia kwamba umeingia. Zima, washa, ingia, andika loginctl, kama unaona jina lako kwenye orodha umepona.

Onyo moja: apt ikikuandikia orodha ndefu ya paketi itakazotoa na ndani yake unaona desktopu yako yote, andika n. Soma orodha mpaka mwisho kila mara. GNOME (desktopu nyingine) imeshikamana sana na systemd, kwa mashini ya RAM 2 GB mimi naona XFCE ama LXQt inatosha na haileti ugomvi huu. Na niseme wazi, kama nia yako ni kuishi bila systemd miaka yote, chukua Devuan moja kwa moja, ni Debian iliyoondolewa systemd, toleo lake la kwanza lilitoka 2017 na kazi hii yote ya kushona wameshaifanya. Kama nia ni kupunguza uzito tu, usijisumbue, utapata kidogo sana, kinachokula RAM yako ni kivinjari.

Dalili: umerudi systemd, sasa inasubiri dakika moja na nusu

"A start job is running for /dev/disk/by-uuid/..." halafu inahesabu mpaka 1min 30s. Kwenye /etc/fstab (orodha ya disiki za kufungua) kuna mstari wa disiki ama swap ambayo haipo tena. sysvinit ilikuwa inalalamika na kupita, systemd inasubiri, na kama ni disiki ya data inaweza kukutupa kwenye modi ya dharura. Weka nofail kwenye huo mstari ama uufute. Ikikuambia "the root account is locked" na haikufungulii, ni kwa sababu uliweka Debian bila neno la siri la root, unatumia sudo. Ingia kwa init=/bin/bash kama nilivyosema juu, remount, halafu passwd root.

Dalili: inasimama kwenye fsck (ukaguzi wa disiki), ama tarehe imerudi nyuma miaka

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu ilinisumbua kuliko zote, na sijaona mtu akiwaeleza wenye mashini za okazyo.

Mama mmoja ana sekretaria, anapiga chapa na kutoa fotokopi za wanafunzi. Mashini yake ya mezani ilikuwa inawaka vizuri na systemd, kijana wake akaiweka kwenye sysvinit, kesho yake inasimama: "Superblock last mount time is in the future", halafu inaomba neno la siri la root. Wakaendesha fsck, ikawaka. Siku iliyofuata kilekile. Siku nyingine ikapita lakini apt inakataa, inasema faili ya Release "is not valid yet", na kivinjari kinakataa kurasa zote za https. Kijana alishakuwa na uhakika disiki imekufa, mama ameshaanza kuuliza bei ya nyingine.

Niliandika date. Mashini ilikuwa inaishi miaka mingi nyuma. Betri ndogo ya kwenye ubao, ile ya mviringo ya CR2032, ilikuwa imekufa siku nyingi, kila kuran ikikatika saa inaanza upya. Mbona haikuonekana zamani? Kwa sababu systemd haikubali tarehe ya zamani sana, ikiwaka inasogeza saa mbele angalau mpaka ile tarehe iliyotunzwa na systemd-timesyncd, halafu intaneti ikifika inasahihishwa kabisa. Systemd ilipotoka ugonjwa wa zamani ukaonekana. Yaani sysvinit haikuharibu kitu, iliacha tu kuficha.

Ukipata hii, kwenye ile shelu ya matengenezo sahihisha tarehe kwanza, ndipo fsck, maana ukianza na fsck unaitengenezea disiki kumbukumbu ya tarehe ya uongo:

date -s "2025-11-03 09:20"
e2fsck -f /dev/sda2
hwclock -w

Kwenye Debian 12 kama hwclock haipatikani, iko kwenye paketi ya util-linux-extra. Wenye Windows pembeni waangalie mstari wa tatu wa /etc/adjtime, uwe LOCAL, vinginevyo saa itapishana masaa mawili kila ukitoka upande mmoja kwenda mwingine, maana sisi huku mashariki mwa Kongo tuko UTC+2 (kwenye orodha ya maeneo chagua Africa/Lubumbashi, siyo Kinshasa, wao wako saa moja nyuma yetu). Mpaka upate betri, weka fake-hwclock, inaandika tarehe kwenye faili wakati wa kuzima na kuirudisha wakati wa kuwasha, siyo saa kamili lakini fsck inatulia.

Kwa mama nilifungua kasha, nikapuliza vumbi jeusi la mawe ya volkano lililojaa mle, nikabadilisha betri, tarehe, hwclock -w. Tukazima, tukachomoa waya kabisa tukangoja kama robo saa, tukawasha. Saa ilikuwa sawa, fsck ikapita bila neno, apt-get update ikashuka mpaka mwisho, na folda ya kazi za wanafunzi ilikuwa pale pale ilipoachwa.